Elektrodi za neva katika utafiti wa upumuaji wa wanyama

Elektrodi za neva katika utafiti wa upumuaji ni vipande vidogo vya metali vinavyowekwa juu ya neva ya mnyama, au kuizunguka, ili mtafiti aweze kusikiliza ishara za umeme zinazopita humo au kupeleka ishara zake mwenyewe. Neva inayohusika zaidi ni neva ya freniki, inayotoka shingoni na kushuka hadi kwenye kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Nyingine ni neva ya vagasi, inayopeleka ubongoni habari za mapafu. Majaribio ya namna hii yamefanywa kwa sungura, paka, mbwa, panya na nguruwe, na pia kwa jamii ya kamongo, samaki wa Afrika mwenye mapafu. Kutokana nayo vilipatikana vifaa vinavyowawezesha baadhi ya watu waliopooza kuanzia shingoni kupumua bila kutegemea mashine saa zote.

== Kiwambo hakijiamrishi ==

Kuuelewa utafiti huu kunaanza kwa kulinganisha moyo na kiwambo. Waliopasua chura katika maabara ya shule wanajua kwamba moyo wake ukitolewa kifuani huendelea kudunda kwa muda, maana una chanzo chake wenyewe cha mapigo. Kiwambo hakina kitu kama hicho. Neva zake zikikatwa, kinalala kimya hata kama msuli wenyewe ni mzima na damu inaufikia. Kila pumzi, usiku na mchana, ni amri mpya iliyotoka kwenye shina la ubongo. Kwa mtu mzima aliyetulia amri hizo ni kama 12 hadi 20 kwa dakika.

Amri hushuka kwa njia ya ugwe wa mgongo hadi shingoni. Kwa binadamu, nyuzi za neva ya freniki huchomoza kati ya pingili ya tatu na ya tano za shingo. Kwa mbwa huchomoza chini kidogo, kuanzia ya tano hadi ya saba. Neva ni mbili, moja kila upande, na kila moja huendesha nusu yake ya kiwambo.

Mpangilio huu ndio unaoeleza jambo linaloonekana hospitalini. Mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti au aliyepata ajali ya pikipiki akaumia ugwe wa mgongo sehemu ya chini ya shingo anaweza kupooza miguu na sehemu ya mikono, lakini akaendelea kupumua kwa kiwambo. Akiumia pingili mbili au tatu juu zaidi, pumzi inakatika palepale. Mapafu ni mazima, kiwambo ni kizima, neva ya freniki ni nzima; kilichokatika ni njia ya amri. Swali la watafiti wengi wa karne ya 20 lilikuwa hilo: je, amri hiyo inaweza kutolewa na kifaa?

Jibu lina sharti moja ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Seli zinazozaa nyuzi za freniki zimo ndani ya ugwe wa shingo penyewe. Zikiwa hai, neva iko hai na itaitika umeme. Zikifa, kama polio inavyoweza kufanya, nyuzi zake nazo hunyauka, na hapo elektrodi haina cha kusisimua.

== Historia ==

Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyezaliwa Pergamon na kufanya kazi Roma, alikata uti wa mgongo wa wanyama katika ngazi mbalimbali na kuona jinsi upumuaji ulivyobadilika kila alipopanda juu. Alikuwa amewahi kuwatibu wapiganaji wa viwanjani, kwa hiyo majeraha hayakuwa mageni kwake. Baada yake hatua kubwa ilichukua karne nyingi. Mnamo 1812 Mfaransa César Legallois alichapisha majaribio yake juu ya sungura, akionyesha kwamba sehemu kubwa ya ubongo inaweza kuondolewa na mnyama akaendelea kupumua, mpaka kisu kifike mahali fulani kwenye shina la ubongo, karibu na inapotokea neva ya vagasi. Hapo pumzi husimama.

Umeme ulikuwa umeingia katika elimu ya viumbe kupitia miguu ya chura ya Mwitalia Luigi Galvani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1791. Tarehe 4 Novemba 1818, mjini Glasgow, Andrew Ure aliupitisha umeme kwenye neva ya freniki ya maiti ya Matthew Clydesdale, mtu aliyekuwa amenyongwa kwa kosa la mauaji. Kifua kikainuka na kushuka kana kwamba anahema. Moyo haukurudi. Tukio hilo lilisimuliwa sana kama kioja, lakini kisayansi lilionyesha jambo la kweli: kwa muda mfupi baada ya kifo, neva bado hupokea umeme na kiwambo bado huitika.

Mwaka 1868 Ewald Hering na Josef Breuer, huko Vienna, walieleza kwamba mapafu yakijazwa hewa, uvutaji pumzi hukoma. Yakipunguzwa hewa, uvutaji huanza tena. Neva ya vagasi ikikatwa, mwitiko huo hupotea. Maana yake ni kwamba ubongo hautoi amri tu bali pia hupokea taarifa. Breuer huyu ndiye baadaye aliyefanya kazi pamoja na Sigmund Freud, na watu wengi wanamjua kwa hilo tu.

Kusikiliza neva moja kwa moja kulisubiri vikuza ishara vya karne ya 20. Mwaka 1928 Edgar Adrian na Detlev Bronk walirekodi mapigo ya uzi mmojammoja wa neva ya freniki ya sungura. Waliona kwamba ubongo hauongezi ukubwa wa pigo ili pumzi iwe kubwa. Huongeza idadi ya mapigo kwa sekunde na idadi ya nyuzi zinazoshiriki. Mwaka 1933 Adrian akarekodi pia nyuzi za vagasi zinazotoka mapafuni, na hivyo ile taarifa ya Hering na Breuer ikasikika kwa mara ya kwanza kama mlio wa umeme. Adrian alikuwa tayari amepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington kwa kazi yao juu ya seli za neva.

== Kuweka elektrodi ==

Majaribio yako ya aina mbili. Katika ya kwanza mnyama hulazwa kwa nusukaputi, jaribio hufanyika kwa saa kadhaa, na haamki tena. Katika ya pili hufanyiwa upasuaji, huamka, hupona, na huishi na elektrodi kwa wiki au miezi.

Kwa jaribio fupi hutumika elektrodi za ndoano, waya mbili za fedha au platini zilizopindwa, na neva huinuliwa juu yake. Neva iliyoachwa wazi hukauka upesi, na majimaji ya mwili huupoteza umeme pembeni. Kwa hiyo jeraha hujazwa mafuta ya parafini yenye joto la mwili, ambayo huzuia yote mawili.

Kwa mnyama atakayeamka ndoano haifai. Hutumika elektrodi ya bangili: kipande cha mrija laini wa silikoni kilichopasuliwa ubavuni, chenye vipande vya platini upande wa ndani. Hufunguliwa, huvishwa neva, kisha hujifunga. Hapa ndipo kazi ya mikono inapoamua yote. Neva ya freniki ya panya ni nyembamba kama uzi wa kushonea, na upasuaji hufanywa chini ya hadubini. Bangili ikibana, neva itavimba siku zinazofuata, itakosa damu na kufa. Ikilegea mno, umeme utavuja na kusisimua misuli ya jirani. Ndiyo maana huchaguliwa bangili pana kidogo kuliko neva yenyewe. Waya huachiwa kitanzi cha ziada karibu na neva ili mnyama akigeuza shingo asiivute, kisha hupitishwa chini ya ngozi hadi kwenye kisogo au katikati ya mabega, mahali ambapo meno na kucha zake hazifiki. Mtafiti anayeitoa waya mbavuni atakuta asubuhi imetafunwa.

Baada ya wiki chache mwili hujenga kovu kuzunguka bangili. Kovu hilo huishikilia mahali pake, jambo zuri, lakini pia huongeza ukinzani, hivyo umeme uliotosha siku ya kwanza hautoshi tena.

Metali nayo huchaguliwa kwa uangalifu. Chuma cha kawaida hushika kutu ndani ya mwili, na shaba hudhuru tishu. Hutumika platini, mara nyingi ikichanganywa na iridi, au feleji isiyoshika kutu. Vifaa vizima vinavyozikwa chini ya ngozi, kama vile vya kurekebisha mapigo ya moyo, siku hizi huwekwa ndani ya kasha la titani, metali iliyomo pia pamoja na vanadi katika mwamba wa chuma wa Liganga, wilayani Ludewa.

Pigo moja la umeme halileti pumzi. Huleta mshtuko wa ghafla wa kiwambo, unaofanana na kwikwi. Ili kiwambo kijikunje kwa ulaini, hupelekwa mfululizo wa mapigo mafupi, kila moja likidumu takriban sehemu 1 hadi 2 za elfu kumi za sekunde, kwa kasi ya mapigo 10 hadi 30 kwa sekunde, kwa muda wa kama sekunde moja. Kisha mfululizo hukatwa, kiwambo hulegea, na hewa hutoka yenyewe. Nguvu inayohitajika ni ndogo, mara nyingi chini ya miliampea 2. Kila pigo hufuatwa na jingine la mwelekeo wa kinyume. Bila hilo, chaji hujikusanya upande mmoja, maji ya mwili huanza kuchanganuliwa kwa umeme, na metali pamoja na neva huliwa pole pole.

== Kasoro ya amri ya bandia ==

Umeme haufuati utaratibu wa ubongo. Ubongo unapoagiza pumzi ya kawaida, huanza na nyuzi nyembamba za neva, zinazoendesha sehemu za msuli zisizochoka haraka. Zile nene zenye nguvu huwekwa akiba kwa kukohoa, kupiga chafya na kukimbia. Umeme kutoka nje hufanya kinyume, maana nyuzi nene ndizo rahisi zaidi kusisimuliwa. Matokeo yake ni kiwambo kinachofanya kazi ya kutwa kwa misuli ya mbio fupi.

Mbwa ndio waliolionyesha tatizo hili na njia ya kulipunguza. Kiwambo kilichosisimuliwa mfululizo kwa karibu mapigo 30 kwa sekunde kilionekana kuharibika, lakini kwa kasi ya chini, karibu na 11, kilistahimili. Zaidi ya hayo, msuli uliozoeshwa hatua kwa hatua kwa kasi ya chini hubadilika wenyewe: nyuzi zake huwa za aina isiyochoka. Ndiyo sababu mgonjwa anayewekewa kifaa leo hakiwashi kwa saa 24 siku ya kwanza, bali huanza na dakika chache na kuongeza kwa wiki nyingi.

Kasoro nyingine iko kooni. Katika pumzi ya asili, ubongo hufungua zoloto kidogo kabla kiwambo hakijavuta. Kifaa hakijui zoloto. Mtu akilala, kiwambo huvuta wakati koo limelegea, na njia ya hewa inaweza kujifunga. Wagonjwa wengi kwa hiyo hubaki na tundu la kupumulia shingoni.

== Kamongo ==

Katika Afrika ya Mashariki, mnyama aliyechangia zaidi katika mjadala huu hana hata kiwambo. Ni kamongo, au kambaremamba, Protopterus aethiopicus, anayeishi Ziwa Viktoria na maziwa mengine ya ukanda huu. Waganda humwita mmamba, na ukoo mmoja mkubwa wa Buganda una mwiko wa kumla. Msomaji wa Kiswahili asimchanganye na mamba wa mtoni. Mtaalamu wa figo Homer Smith wa Marekani alimchunguza na kuandika kitabu chenye jina la Kamongo, kilichotoka mwaka 1932.

Kamongo ana matamvua na mapafu. Mwaka 1968 Kjell Johansen na Claude Lenfant walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba samaki aliyekomaa hupata sehemu kubwa mno ya oksijeni yake, karibu tisa ya kumi, kutoka hewani, huku matamvua yakitoa sehemu kubwa ya kabonidayoksaidi. Akizuiwa kufika juu ya maji, hufa maji kama sisi. Huvuta hewa kwa kinywa: hupanda, hufungua mdomo, hujaza, hufunga, kisha husukuma hewa mapafuni kwa sakafu ya kinywa. Freniki haimo katika kazi hiyo.

Vagasi imo. Mwaka 1983 Ronald DeLaney na wenzake walichapisha matokeo ya kurekodi neva ya vagasi ya Protopterus na ya Lepidosiren, ndugu yake wa Amerika ya Kusini. Walikuta vipokezi vinavyotuma mapigo mapafu yanapotanuka, vingine vikinyamaza upesi na vingine vikiendelea kadiri pafu linavyobaki limejaa. Ni aina ileile ya taarifa aliyoisikia Adrian kwa paka miaka 50 kabla. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hilo ndilo tokeo la kuvutia kuliko yote katika uwanja huu, kwa kuwa linaonyesha kwamba mapafu yalikuwa yakitoa taarifa kwa ubongo kabla ya kuwepo kiwambo chochote. Wahenga wa kamongo na wetu walitengana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita.

== Maumivu, ganzi na sheria ==

Katika majaribio mengine mnyama, juu ya nusukaputi, hupewa pia dawa ya kulegeza misuli kama kurare, ili kiwambo kisisogee na kuvuruga vipimo, huku mashine ikimpumulisha. Mnyama wa namna hiyo akianza kuzinduka hawezi kulia wala kutikisika. Kwa hiyo mtafiti anawajibika kufuatilia mapigo ya moyo na shinikizo la damu kama dalili za maumivu, na kuthibitisha kina cha nusukaputi kabla ya kutoa dawa ya kulegeza. Anayesoma ripoti ya jaribio lolote la upumuaji afungue kwanza sehemu ya mbinu na kutafuta hilo. Lisipoelezwa, ana haki ya kutilia shaka na matokeo pia.

Kuna mvutano wa kweli hapa. Nusukaputi hupunguza mwitiko wa ubongo kwa kabonidayoksaidi, kwa hiyo pumzi ya mnyama aliyelala kwa dawa si pumzi yake ya kawaida. Anayetaka kujua mnyama anavyopumua akiwa macho, akila au akiota, hana budi kumwekea elektrodi, kumwacha apone, na kuishi naye.

Uingereza ilitunga sheria ya kudhibiti majaribio juu ya wanyama mwaka 1876. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walipendekeza kanuni tatu zinazofuatwa na kamati za maadili hadi leo: kubadilisha, yaani kutumia njia isiyohitaji mnyama hai inapowezekana, kupunguza idadi, na kuboresha utaratibu ili mateso yapungue. Nchini Kenya, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama inahitaji leseni kwa anayefanya majaribio. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kanuni ya kubadilisha imezaa matunda katika uwanja huu. Mwaka 1991 Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walionyesha kwamba kipande chembamba cha shina la ubongo wa panya mchanga, kikiwekwa katika chombo chenye oksijeni, huendelea kutoa mdundo wa upumuaji. Sehemu hiyo inaitwa pre-Bötzinger. Jina Bötzinger lilitoka kwenye chupa ya mvinyo wa Ujerumani iliyokuwa mezani katika mkutano wa wanasayansi.

== Kutoka kwa wanyama hadi kwa wagonjwa ==

Mwaka 1948, wakati polio ilipokuwa ikiwajaza wagonjwa katika mapafu ya chuma, Stanley Sarnoff na wenzake mjini Boston walionyesha kwamba kusisimua neva ya freniki kunaweza kumpumulisha mnyama, na mgonjwa pia, kwa muda. Walifaa wale ambao polio ilishambulia shina la ubongo na kuziacha salama seli za shingo. Hata hivyo elektrodi zao hazikuwa za kudumu.

William Glenn wa Chuo Kikuu cha Yale alileta suluhisho ambalo halikuacha waya ikitoboa ngozi. Mashine ya nje ilirusha mawimbi ya redio, na kipokezi kidogo kilichozikwa chini ya ngozi kiliyageuza kuwa mapigo ya neva. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliripoti mgonjwa aliyepooza mikono na miguu ambaye upumuaji wake wote uliendeshwa kwa njia hiyo.

Njia nyingine, iliyojaribiwa kwa mbwa mjini Cleveland, haigusi neva kifuani wala shingoni. Elektrodi huchomekwa ndani ya kiwambo, mahali neva inapoingia msulini, kupitia matundu madogo tumboni. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyevunjika shingo mwaka 1995 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi, aliwekewa elektrodi hizo mwaka 2003.

Miaka ya karibuni tatizo limehamia kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi. Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa kwamba nyuzi za kiwambo cha binadamu aliyepumulishwa na mashine kwa saa 18 hadi 69 tu huwa zimekonda sana. Kiwambo kisichofanya kazi hunyauka, na kuondoa mashine huwa kugumu. Watafiti wa Kanada wamejaribu kwa nguruwe elektrodi zilizomo katika mrija unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu karibu na neva za freniki, ili kiwambo kifanyishwe zoezi mgonjwa akiwa bado kwenye mashine, na mrija uvutwe nje akishapona. Hakuna kisu kinachoigusa neva. Wagonjwa wenye kifaa cha kudumu nao, kwa kawaida, huwa na mashine ya kupumulia ya akiba karibu na kitanda, kwa sababu betri huisha na waya hukatika.